Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa miaka 30

SIMON Kimbangu alizaliwa mwaka wa 1887 katika kijiji cha Nkamba, Kongo. Alibatizwa na wamishonari wa Kibaptisti mnamo 1915.

Aprili 1921 alianza kuwaombea wagonjwa, na sifa za uponyaji wake zikaenea upesi. Maelfu waliacha kazi wakamiminika Nkamba. Aliwahimiza watupe hirizi na kuacha ndoa za wake wengi. Wamishonari walikuwa wamefundisha hayo hayo, lakini sasa yalitoka kinywani mwa Mwafrika mwenzao, na wengi wakaamini kuwa Mungu amewakumbuka wao pia.

Watawala Wabelgiji waliona uasi. Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, adhabu ambayo Mfalme Albert wa Kwanza aliibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Kwa huduma ya takriban miezi mitano, Kimbangu alikaa gerezani miaka 30. Alifariki akiwa mfungwa mjini Elisabethville, sasa Lubumbashi, Oktoba 12, 1951.

Kanisa la wafuasi wake lilitambuliwa rasmi mnamo 1959. Baadaye lilikuja kufundisha kuwa Kimbangu ni Roho Mtakatifu aliyejidhihirisha, fundisho ambalo makanisa mengine yanalipinga. Kwa waumini hao, Nkamba ndiyo Yerusalemu Mpya.