Jonathan Mann, munganga aliyepigana na SIDA pamoja na ubaguzi

Historia ya SIDA inapita Kinshasa, na katika historia hiyo jina la Mmarekani mumoja linarudi kila mara: daktari Jonathan Mann. Amekufa tangu 1998. Lakini swali alilolishika lingali moto hata huku mashariki: mgonjwa anatunzwa kufuatana na ugonjwa wake, ao kufuatana na vile watu wanamufikiria?

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa saba 1947, mujini Boston. Kisha masomo ya udaktari, alifanya kazi miaka mingi katika jimbo la New Mexico, akifuatilia magonjwa ya kuambukiza, hata tauni, ambayo watu wa Ituri wanaijua vizuri.

Wakati ule SIDA ilikuwa mpya. Ripoti ya kwanza Marekani, ya tarehe 5 mwezi wa sita 1981, ilisema juu ya vijana wanaume watano wa Los Angeles, wenye walikuwa wanapenda wanaume wenzao. Basi watu wakasema ni ugonjwa wa watu wale tu. Serikali ilikawia. Katika hospitali zingine wafanyakazi waliogopa kuingia katika chumba cha mgonjwa, wakaacha sahani ya chakula kwenye mulango. Wengi walikufa wakiwa wamekimbiwa na jamaa.

Ni Kinshasa ndiyo ilisaidia kuvunja mawazo hayo. Mwaka wa 1983, kwenye hospitali Mama Yemo, ambako daktari Kapita Bila alikuwa akiongoza idara ya magonjwa ya ndani, watafiti waliona wanaume na wanawake wakigonjwa karibu sawasawa. Mwaka uliofuata Mann akafika na bibi yake na watoto watatu, kuongoza Projet SIDA.

Alikaa miaka miwili tu, lakini kazi ilikuwa kubwa. Yeye na wenzake Wakongomani waliingia katika nyumba za wagonjwa, wakapima damu ya watu wanaolala na kula pamoja nao. Wakaona kwamba kukaa nyumba moja na mgonjwa hakuambukizi. Hatari ilikuwa kwa bibi ao bwana, na kwa mtoto wa mama mwenye virusi. Walipima pia wafanyakazi wa Mama Yemo: wenye kugusa wagonjwa kila siku hawakuambukizwa kuliko wenzao wa kazi zingine. Maana yake, ile sahani ya kwenye mulango haikuwa na sababu yoyote.

Mwaka wa 1986 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilimwita Geneva kuanzisha programu ya SIDA. Alianza karibu peke yake. Kisha miaka michache alikuwa na wafanyakazi zaidi ya 200. Mwaka wa 1987 aliwaeleza wajumbe wa Umoja wa Mataifa kwamba kuna milipuko mitatu: virusi vyenyewe, ugonjwa, na ule wa woga na ubaguzi. Huu wa tatu aliuhesabu ni hatari sawasawa na mingine, na sababu ilikuwa ya kiganga kabisa: mtu akiogopa kufukuzwa ao kutukanwa, hapimwi, hatunzwi, na virusi vinaendelea. Mwezi wa tano 1988 mkutano mkuu wa OMS ukaomba inchi zote zisiwabague wenye virusi.

Hakuelewana na mkubwa mpya wa OMS, akaacha kazi mwaka wa 1990. Mkutano wa dunia juu ya SIDA wa 1992, wenye aliuongoza, ulipaswa kufanyika Boston, ukahamishwa Amsterdam kwa sababu Marekani ilizuia wenye virusi kuingia. Kule chuo kikuu cha Harvard alifundisha kwamba, inchi kwa inchi, wenye walikuwa wamesukumwa pembeni mbele ya SIDA ndio SIDA inawapata zaidi.

Mambo hayo hayajapita. Ng'ambo ya ziwa, mwezi wa pili 2017, serikali ya Tanzania ilisimamisha huduma za SIDA katika vituo 40, ikisema vinahudumia wanaume wanaolala na wanaume. Kongo ina sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inayokataza kubagua mwenye virusi, na mipango ya PNMLS inataja wanaume hao kati ya wenye wanapaswa kufikiwa. Lakini sheria haikai kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa. Pale kuna mutu, na macho yake. Mwanaume mwenye kidonda mahali pa siri, akijua ataulizwa alikipata kwa nani, anarudi nyumbani.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1998, Mann na bibi yake wa pili, Mary Lou Clements-Mann, mtafiti wa chanjo, walipanda ndege Swissair 111 New York kwenda Geneva. Ilianguka baharini karibu na Kanada, na watu wote 229 wakafa. Alikuwa na miaka 51.