Karl Pearson: Bingwa wa Takwimu Aliyepotoka Njiani

Huku kwetu Mitunguu, katika sehemu za chini za Meru, ndizi ndiyo benki ya mkulima. Karo ya shule hutoka kwenye mgomba, na dawa ya mtoto hutoka huko huko. Kwa hiyo anayekosea hesabu ya ndizi amegusa chakula na elimu ya nyumba nzima.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wakulima. Siku moja tulikuwa na mikungu saba kando ya barabara, tukimngoja mnunuzi mwenye lori. Tulikuwa tumeipima kwa mizani, na uzito wake kwa kilo ulikuwa 14, 14, 15, 17, 18, 20 na 42. Huo wa mwisho ulitoka katika shamba lenye maji na samadi ya kutosha, na kila mpita njia aliusimamia akautazama.

Mnunuzi alipofika alitaka kulipia mikungu yote kwa bei moja. Alisema wastani wake ni kilo 14, kwa kuwa huo ndio uzito uliotokea mara nyingi zaidi. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi juu ya majani makavu alikataa. Yeye alikwisha kuipanga kuanzia mdogo hadi mkubwa, akaushika ule wa katikati, akasema wastani ni kilo 17. Mimi nami nilijumlisha nikapata 140, nikagawanya kwa saba, nikatangaza kwamba wastani ni kilo 20.

Sote watatu tulitumia neno moja, lakini kila mmoja alikuwa na maana yake. Kwa hesabu ya mnunuzi, mikungu saba ilikuwa kilo 98. Kilo 42 zilipotea, sawasawa na ule mkungu mkubwa wote. Tulibishana hadi jua likawa kali, na ndizi hazingojei. Tukalipwa kwa hesabu yake.

Jioni hiyo binti ya dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinionea huruma akafungua daftari lake. Alinieleza kwamba uzito unaojirudia mara nyingi zaidi huitwa modi. Ule wa katikati baada ya kupanga huitwa mediani. Wastani wenyewe ndio ule wa kujumlisha na kugawanya. Halafu akanifundisha neno la nne, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mikungu ilivyotawanyika mbali na wastani wake. Kwetu ulikuwa kama kilo 9. Kama mikungu yote saba ingekuwa baina ya kilo 19 na 21, wastani ungeweza kubaki 20 vile vile, lakini mkengeuko ungekuwa chini ya kilo moja.

Nilimwuliza ni nani aliyeyabuni maneno haya. Ndivyo nilivyokutana na Karl Pearson.

Kijana mbishi

Pearson alizaliwa London tarehe 27 Machi mwaka wa 1857. Baba yake alikuwa wakili. Wazazi walimpa jina la Carl, na baadaye yeye mwenyewe akaliandika kwa herufi K. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1879 akashika nafasi ya tatu katika mtihani mkuu wa somo hilo.

Tangu ujana alikuwa mbishi. Chuo chake kiliwalazimisha wanafunzi kuhudhuria ibada, naye akapinga mpaka sheria ikalegezwa. Kisha, kwa mshangao wa wakubwa, akaanza kwenda kanisani kwa hiari yake. Shida yake haikuwa na ibada. Hakupenda kulazimishwa.

Kutoka Cambridge alikwenda Ujerumani, akasoma fizikia, falsafa na sheria huko Heidelberg na Berlin. Aliporudi alifuzu uwakili, lakini moyo wake haukuwa mahakamani. Mwaka wa 1884, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa profesa wa hisabati katika University College London. Mwaka wa 1890 alimwoa Maria Sharpe, wakajaliwa watoto watatu. Mmoja wao, Egon, alikuja kuwa bingwa wa takwimu kama babake.

Sarafu sakafuni na kaa wa baharini

Kuanzia mwaka wa 1891 Pearson alitoa mihadhara katika Gresham College, mahali ambapo watu wa kawaida wa mjini waliruhusiwa kuja kusikiliza. Hakutaka kuwachosha kwa fomula tupu. Aliwahi kumwaga sarafu 10,000 sakafuni, akawaagiza wanafunzi wahesabu ngapi zimeangukia upande wa kichwa na ngapi upande wa pili. Wale watu waliiona bahati nasibu kwa macho yao, wakaona pia kwamba ina utaratibu wake.

Ilikuwa katika mihadhara hiyo ndipo alipoichora na kuipa jina histogramu, ule mchoro wa nguzo zilizosimama bega kwa bega. Mwaka wa 1893 akatoa jina la mkengeuko sanifu. Mwaka wa 1895 akatoa jina la modi. Mediani ilikuwa imekwisha kutumiwa na rafiki yake mkubwa, Francis Galton, katika miaka ya 1880. Wastani wenyewe ni wa zamani kuliko wote hao.

Kwa nini alihitaji maneno mapya? Mwenzake Weldon, mtaalamu wa wanyama, alikuwa amewapima kaa 1,000 kutoka Naples, Italia. Kipimo kimoja cha kaa hao kilikataa kufuata umbo la kawaida la kengele. Kilikuwa kimeinama upande. Mwaka wa 1894 Pearson alionyesha kwamba huenda hao walikuwa makundi mawili ya kaa yaliyochanganyika. Wastani mmoja ulikuwa umeyafunika yote mawili. Somo lake lilikuwa kwamba anayetaja wastani bila kutaja mtawanyiko amesimulia nusu ya habari.

Mwaka wa 1900 alitoa jaribio la kupima kama hesabu tulizokusanya zinalingana na tulivyotarajia, jaribio ambalo watafiti wanalitumia hadi leo. Mwaka wa 1901, pamoja na Weldon na Galton, alianzisha jarida la Biometrika. Mwaka wa 1911 akawa mkuu wa idara mpya ya takwimu katika chuo chake.

Alipopotoka

Laiti habari ingeishia hapo. Galton ndiye aliyeasisi fikira kwamba binadamu wachaguliwe wa kuzaa na wa kutozaa, kama mifugo, na Pearson aliipokea kwa mikono miwili. Mwaka wa 1900, Waingereza walipokuwa wakipigana na Makaburu Afrika Kusini, alitoa mhadhara akidai kwamba maendeleo ya dunia huja kwa mataifa bora kuwaondoa walio duni. Sisi Waafrika alituweka upande wa walio duni. Mwaka wa 1925, pamoja na Margaret Moul, alianza kuchapisha utafiti juu ya watoto wa Wayahudi waliohamia London, akitumia wastani wa vipimo kudai kwamba wahamiaji hao hawafai.

Mtu aliyetufundisha kutazama mtawanyiko, alipofika kwa binadamu, alirudi kuwatazama kwa wastani.

Pearson mwenyewe hakuja kufanya kazi Kenya, wala sisemi aliwatuma watu. Lakini mawazo ya namna hiyo yalifika. Katika miaka ya 1930, daktari mmoja wa Nairobi, F. W. Vint, alipima ubongo wa Waafrika waliofariki, akatangaza kwamba wastani wa uzito wake uko chini ya ule wa Wazungu. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alizichukua habari hizo kudai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, na kutilia shaka elimu aliyokuwa akipewa. Mwaka wa 1933 kikaundwa chama mjini Nairobi cha kuyaendeleza mambo hayo. Waliomba fedha za utafiti kutoka Uingereza wakanyimwa, na chama kikafifia.

Niliposoma hayo nilikumbuka mikungu yetu saba. Katibu wa kikundi angeuliza: ni watu wangapi waliopimwa? Walikula nini utotoni, na waliugua nini? Vipimo vilitawanyika kiasi gani, na ni wangapi wa kundi hili waliozidi wastani wa kundi lile? Tena, ni nani aliyethibitisha kwamba uzito ni akili? Mkungu mzito si lazima uwe mtamu.

Pearson alistaafu mwaka wa 1933, akafariki dunia tarehe 27 Aprili mwaka wa 1936. Alikuwa amekataa kupewa cheo cha heshima cha Sir mwaka mmoja kabla. Mwaka wa 2020 chuo chake kiliyaondoa majina ya Galton na Pearson kwenye majengo na kumbi zake. Maneno yake hayakuondolewa. Hayangeweza kuondolewa, maana yamekwisha kuwa mali ya watu wote, kama jembe ambalo fundi wake alikuwa mkorofi.

Nasi tunayahitaji. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilipata wastani wa watu 3.9 katika kila kaya. Msomaji mpenzi, nitajie nyumba moja yenye watu 3.9. Hata hivyo namba hiyo ina kazi yake, mradi tukumbuke kwamba iko kaya ya mjane anayeishi peke yake, na iko ya watu kumi na wawili.

Siku hizi kikundi chetu kinauza kwa kilo, mkungu kwa mkungu, na daftari langu lina safu ya kila kipimo. Mnunuzi akifika na kulitaja neno wastani, yule nyanya humkatiza mara moja na kumwuliza ni upi kati ya ile mitatu. Na asipojibu vizuri, mizani hurudishwa nyumbani.