Mary Leakey, aliyeliona fuvu la Olduvai

Mtahiniwa, ukiulizwa nani aligundua fuvu la Zinjanthropus, huenda kalamu yako inakimbilia kuandika Dkt. Louis Leakey. Ngoja kwanza. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini, ameshikwa na homa. Aliyetoka na mbwa wake kukagua miteremko ya Olduvai alikuwa mkewe, Mary. Aliona mfupa umechomoza ardhini, akapangusa udongo, akakuta meno makubwa. Fuvu hilo linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Katika jibu lako, mtaje.

Mary alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Shule za watawa alizopelekwa zilimfukuza. Katika moja alisababisha mlipuko maabara ya kemia. Hakufaulu mtihani wowote wa shule. (Usilisome hili kama ruhusa ya kufunga daftari; njia aliyopita yeye ilikuwa ndefu kuliko yako.) Mama yake alipoulizia nafasi Oxford, aliambiwa hakuna haja hata ya kuomba.

Basi akawa anahudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia bila kusajiliwa, na kuchora zana za mawe. Mwanamke mwenzake, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson, alimpa kazi ya kuchora zana za Misri, kisha akamkutanisha na Louis, aliyehitaji mchoraji wa kitabu chake. Mwaka 1935 Mary akafika Olduvai.

Usidhani kuchora ni kazi ndogo. Kutoka Mdandu, ukipanda gari Makambako kwenda Iringa, kabla hujafika mjini utapita karibu na Isimila, penye mashoka ya mawe ya kale. Shika moja ulitazame: kila kovu ni pigo la mkono wa mtu. Anayelichora vizuri lazima ajue pigo lipi lilitangulia na lilitoka upande gani. Kwa jicho hilo Mary alizipanga zana za Olduvai kwa makundi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1971.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary akaendelea na uchimbaji. Mwaka 1978 timu yake ilifukua Laetoli nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Mwaka 1981 Oxford ilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.