Fanon, daktari wa waliokimbia vita

Ukitaja jina la Frantz Fanon hapa chuoni, wanafunzi wa siasa watakutajia mara moja bunduki na ukombozi. Rais wetu mwenyewe aliandika juu yake alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Kinachosahaulika ni kazi aliyoisomea: alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiwatibu watu waliokimbia vita. Sisi wa Kampala, ambao jirani zetu wa Kisenyi ni Wasomali na wa Katwe ni Wakongo, upande huo ndio unaotuhusu zaidi.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa. Alipigana Vita Kuu ya Pili, akajeruhiwa, akapewa nishani, kisha akasomea udaktari Lyon. Aliyemfinyanga hasa ni François Tosquelles wa hospitali ya Saint-Alban, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Aliikimbia Hispania baada ya ushindi wa Franco, na ndani ya kambi ya Septfonds akaanzisha huduma ya wagonjwa wa akili kwa wakimbizi wenzake. Aliamini kwamba hospitali yenyewe inaweza kuugua, na kwamba inafaa itibiwe kabla ya mgonjwa.

Novemba 1953 Fanon alifika Blida, Algeria. Siku hizo mabingwa wa Kifaransa wa Algiers walifundisha kwamba akili ya Mwalgeria ni duni kwa maumbile. Tusidhani hayo yalikuwa ya huko tu. Dkt. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mambo ya namna hiyo juu ya Waafrika kwa jumla, na Shirika la Afya Duniani likamchapishia mwaka 1953. Baadaye Fanon aliwajibu wote.

Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akaanza na njia za Saint-Alban: mikutano ya wagonjwa, sherehe, gazeti la hospitali, kazi za mikono. Kwa wanawake wale mambo yalikwenda vizuri. Kwa Waislamu, miezi ikapita bila kitu. Mikutanoni walikaa kimya, gazeti halikuwa na maana kwa wasiojua kusoma, na kusuka waliona ni kazi ya kike. Hapo daktari mwingine angesema mabingwa wa Algiers walikuwa na haki. Fanon na mwanafunzi wake Jacques Azoulay waliandika mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao wenyewe: walitaka kuwatibu watu bila kuyajua maisha yao. Ndipo pakafunguliwa mgahawa wa kahawa kama ule wa mjini, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, na msimulizi wa hadithi akaalikwa. Wanaume wakaanza kuzungumza.

Jambo moja halikumtoka kooni, nalo ni mkalimani. Fanon hakujua Kiarabu, na aliona kwamba Mwalgeria alikuwa amezoea kukutana na mkalimani mahakamani na ofisi za serikali, mahali pa kuhojiwa. Akimkuta tena kwa daktari, hufunga mdomo. Nalisema hili kwa sababu miongoni mwetu wapo wenye Kisomali, Kiarabu au Kiswahili cha Kongo. Ukiombwa siku moja kukaa kati ya mkimbizi na daktari, kumbuka kwamba huenda mkalimani wa mwisho aliyekutana naye alikuwa kwenye dawati la kuandikisha wageni, akimpima kama anasema kweli.

Mwaka 1956, pamoja na François Sanchez, aliandika pia juu ya namna Waislamu wa Maghreb wanavyomtazama kichaa. Waliona kwamba familia humlaumu jini, si mgonjwa. Alichokitenda alipokuwa hana akili hawamhesabii, na akipona anarudi katika nafasi yake bila aibu. Fanon hakuwa mtu wa dini na hakuamini habari za majini, lakini aliiheshimu rehema iliyomo katika mwenendo huo. Mimi naona tumeanza kuipoteza. Siku hizi kijana akipelekwa Butabika, kwao wanasema amesafiri.

Vita vilikuwa vimeanza Novemba 1954. Waliopigwa na kuteswa wakaja kwake, na hata polisi waliowatesa. Mwishoni mwa 1956 akajiuzulu, na Januari 1957 Wafaransa wakamfukuza nchini. Akahamia Tunis, naye sasa mgeni. Hapo, katika hospitali ya Charles-Nicolle, alianzisha huduma ya mchana: mgonjwa anakuja asubuhi, anatibiwa, jioni anarudi kwa watu wake, ili maradhi yasimtoe katika maisha.

Mipakani, Tunisia na Morocco, walikusanyika wakimbizi karibu 200,000. Miongoni mwao Fanon aliandika habari za wanawake waliopatwa na wazimu baada ya kujifungua, na hakuficha kwamba dawa na maneno mazuri havikutosha. Mgonjwa alitulia, kisha hali ileile ya kambi, njaa, hofu ya kushambuliwa, kutojua mume yuko wapi, ikamrudisha alikokuwa.

Mwaka 1961, damu yake ikiwa imeshikwa na saratani, alikimaliza kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa *Viumbe Waliolaaniwa*. Sura ya wagonjwa hao imo, nayo ndiyo tunayoiruka. Alipelekwa Marekani kutibiwa, akalazwa kwa jina la Ibrahim Fanon, na tarehe 6 Desemba akafariki akiwa na miaka 36. Mwili ukarudishwa Tunisia, wapiganaji wakauvusha mpaka na kuuzika katika ardhi ya Algeria. Wakimbizi wa mpakani walirudi makwao mwaka uliofuata.