Sesshū Tōyō

Sesshū Tōyō (1420 – 1506 hivi) alikuwa mchoraji na mtawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Zen nchini Japani. Anahesabiwa kati ya mabingwa wakubwa wa kuchora mandhari kwa wino mweusi.

Maisha

Alizaliwa katika mkoa wa Bitchū (leo sehemu ya Okayama) akalelewa hekaluni. Hadithi iliyoandikwa muda mrefu baada ya kifo chake inasema alifungwa nguzoni kwa kupenda kuchora kuliko kusoma, naye akachora panya sakafuni kwa machozi na kidole cha mguu. Baadaye aliishi Shōkoku-ji, hekalu kubwa la Kyoto, kisha akahamia Yamaguchi chini ya ulinzi wa ukoo wa Ōuchi.

Mwaka 1467 alisafiri na ujumbe wa biashara kwenda China. Alitafuta walimu wa uchoraji huko, lakini milima na mito ya nchi hiyo ilimfundisha zaidi kuliko watu. Mwaka huohuo Vita vya Ōnin vilianza, na Shōkoku-ji ikateketea. Sesshū aliporudi mwaka 1469 hakuishi tena Kyoto.

Kazi

Gombo lake refu la mwaka 1486, lenye karibu mita 16, ni safari kupitia majira manne. Mandhari yake ni ya Kichina, ingawa alikuwa ameondoka China miaka 17 kabla. Aliyachora kwa kumbukumbu na kwa mifano ya wachoraji wa kale. Mtazamaji hulikunjua polepole kutoka kulia, akikutana na wasafiri, mashua na soko, hadi theluji.

Mwaka 1495 alimpa mwanafunzi wake Josui Sōen mchoro wa wino uliotiwa kwa haraka, uliojaa majimaji. Kwa karibu ni madoa tu. Ukisogea nyuma unaona mlima, miti na watu wawili ndani ya mashua. Sehemu kubwa ya karatasi imeachwa tupu, na utupu huo, ambao ni wazo muhimu katika Ubuddha, ndio unaokuwa ukungu na maji.

Katika uzee wake alichora Amanohashidate, rasi nyembamba yenye misonobari. Mahali penyewe ni pa kweli, lakini hakuna kilima ambacho mtu angeweza kusimama akapaona hivyo kutoka juu: aliunganisha akilini yale aliyoyaona kwa nyakati mbalimbali. Mchoro huo haukukamilishwa kwa usafi. Vipande vya karatasi vilivyoungwa vinaonekana hadi leo.