Wangila na Damu Iliyojificha Kichwani

Ukiwatajia vijana wa leo dhahabu za Kenya katika Olimpiki, wao hufikiria mbio tu. Wamesahau, au hawakuambiwa, kwamba huko Seoul mwaka wa 1988, wakati Ngugi, Rono, Ereng na Kariuki walipokuwa wakiwaacha wenzao nyuma uwanjani, kijana mmoja wa Nairobi alikuwa akitafuta dhahabu yake kwa ngumi.

Huyo ni marehemu Robert Napunyi Wangila, aliyezaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alipigana katika uzani wa welta, na fainali yake ilikuwa dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Boudouani hakuwa mtu wa kuchezewa, kwani baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Hata hivyo Wangila alimwangusha katika raundi ya pili. Ndiye Mkenya wa kwanza kuitwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, na hadi leo ni yeye peke yake.

Baada ya sifa hizo alihamia Marekani kutafuta riziki katika ndondi za kulipwa. Alishinda mara 22 na kushindwa mara tano. Mara ya tano ndiyo iliyomwua.

Ilikuwa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipopambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pigano. Wangila alikuwa angali wima, na alilalamika kwamba amenyimwa haki yake. Muda si muda, akiwa chumbani mwa kubadilishia nguo, alizimia. Tarehe 24 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 26.

Msomaji atauliza: mtu anayebishana na refa atakufaje kwa kichwa? Ngumi huutikisa ubongo ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu huweza kukatika. Damu huvuja polepole, na kwa kuwa fuvu halipanuki, ubongo ndio unaobanwa. Kabla ya hapo mgonjwa huweza kusema, kutembea, hata kukasirika.

Wangila alizimia mbele ya watu waliojua kwamba amepigwa. Hapa Mwiki, upande wetu wa Ruiru, mambo ni tofauti. Nimeona mara nyingi mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki usiku, ananuka pombe, na waliomzunguka wanakubaliana kwamba ni mlevi tu, apelekwe nyumbani akalale. Sisemi Wangila alikuwa amelewa, hasha! Nasema dalili za ulevi na dalili za damu kuvujia kichwani ni mapacha: ulimi mzito, miguu kuyumba, kutapika na usingizi usioamshika.

Hata hospitalini pacha hao huwasumbua waganga. Mwaka wa 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, walitoa kipimo kinachotumika hadi leo. Mgonjwa hutazamwa anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, kisha hupewa alama kuanzia tatu hadi 15. Pombe nayo huweza kuzishusha alama hizo. Daktari akisubiri pombe iishe ndipo aamue, huenda saa za kumwokoa mgonjwa zikapita.

Kuhusu pombe iliyomo mwilini wakati wa ajali, wataalamu wangali wanavutana. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba walevi waliofika hospitalini hawakufa kwa wingi kuliko wasiokunywa, na habari hiyo, naamini, itapendwa sana vilabuni! Lakini juu ya kunywa baada ya kuumia hakuna mvutano wa namna hiyo. Ubongo uliojeruhiwa hulewa upesi kuliko zamani. Kumbukumbu hudhoofika, kifafa hupata nafasi, na mtu ambaye miguu yake haijarudi sawasawa huanguka tena juu ya kichwa kile kile.

Mwili wa Wangila ulirudishwa Kenya, miaka sita tu baada ya Seoul. Tangu wakati huo mabondia wetu wameendelea kwenda Olimpiki, na wale waliomwona Wangila akimwangusha Boudouani wanaendelea kungoja dhahabu ya pili.