Alexander Fleming na onyo tulilolisahau

Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Kisumu. Hapa Dunga huwaona wavuvi waliochomwa mikono na miiba ya ngege wakinunua vidonge vinne vitano vya antibayotiki, bila cheti cha daktari. Kila nikiwaona humkumbuka Alexander Fleming.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1881, mtoto wa mkulima, na baba yake akafariki yeye angali mdogo. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Mary's, London. Vita vya Kwanza vya Dunia vikampeleka Ufaransa, akashuhudia askari waliopona risasi wakifa kwa vidonda vilivyooza.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo akakuta kisahani kimoja cha bakteria kimeota ukungu, na kandokando yake bakteria wametoweka. Majimaji ya ukungu huo ndiyo aliyoyaita penisilini. Kuisafisha iwe dawa hakuweza. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain wakapewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria ana ukuta unaomshikilia. Penisilini humzuia kuujenga, basi akikua hupasuka akafa. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa humwacha mgonjwa salama. Lakini wako bakteria wenye kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafanya kazi. Chain na Edward Abraham walikieleza kimeng'enya hicho mwaka 1940, dawa yenyewe haijaenea bado. Dawa ikiwa haba, wanyonge hufa na wagumu hubaki, wakazaana na hata kupeana silaha hiyo.

Fleming aliliona mapema. Alipopokea Nobel alionya kwamba itafika siku kila mtu atainunua penisilini dukani, na anayemeza kidogo atawazoesha vijidudu, kisha awaambukize wengine ugonjwa usiosikia dawa. Alifariki London mwaka 1955.

Siku aliyoihofia ndiyo hii yetu, Dunga na Mombasa sawia. Mkono uliochomwa na mwiba uoshwe kwa maji safi na sabuni. Ukivimba, mwenyewe aende zahanati, na akiandikiwa dawa aitumie kama alivyoelekezwa. Vidonge vya kubahatisha havimdhuru yeye peke yake; huenda kesho mwanawe akaugua, dawa ile ile ikakataa.